Metformin ilianza na mmea unaoua kondoo

Wasee, kabla mtu mwingine hajanitumia ile picha ya chupa ya kijani iliyoandikwa "inasafisha ovari kwa siku 21", naomba asome hii kwanza. Ni ndefu. Tafuta chai.

Kwa wale wapya hapa: nina PCOS. Niliambiwa nikiwa na miaka 19, baada ya kukaa miezi saba bila hedhi na kuanza kunyoa kidevu kama mjomba wangu. Tangu niiseme hadharani, maswali hayakomi, na mengi ni swali lile lile moja limebadilisha nguo tu: nimeze vidonge vya hospitali ama nitumie miti? Watu wananiuliza kana kwamba ni Gor na AFC, lazima uchague jezi.

Mimi nilisomea biokemia mwaka mmoja na nusu kabla karo haijanishinda, kwa hivyo sina digrii ya kukutisha nayo. Lakini kusoma sikuacha. Na nilipoanza kufuatilia hizi dawa zilitoka wapi, nilikutana na kitu ambacho sioni kikisemwa huku mtandaoni. Vidonge viwili ambavyo msichana mwenye PCOS hupewa mara nyingi, metformin na tembe za kupanga uzazi, vyote viwili vina mmea kwenye ukoo wao. Kimoja babu yake ni gugu la Ulaya. Kingine babu yake ni kiazi cha porini kule Mexico. Sasa hii vita ya miti na hospitali, hebu niambieni, tunapigania nini?

Tuanze na ugonjwa wenyewe, kwa sababu jina lake linadanganya. PCOS inasikika ni kama ovari zako zimejaa uvimbe, na hapo ndipo wauzaji wanaingilia: "inayeyusha sisti". Lakini zile doa nyeusi unazoonyeshwa kwenye picha ya ultrasaundi ni vifuko vya mayai ambavyo vilianza kukua vikakwama njiani. Yai lilingoja ishara ya homoni, ishara haikuja sawasawa, likabaki hapo. Hakuna kitu cha kuyeyusha.

Na si ugonjwa wa juzi, wala si "ugonjwa wa chipsi na simu" venye ule mjomba wa WhatsApp anasema. Mwaka 1721 daktari Mwitaliano, Antonio Vallisneri, aliandika juu ya mwanamke kijana wa mashambani, ameolewa, mnene kiasi, hapati mtoto, na ovari zake ni kubwa, nyeupe, zina vinundu, ukubwa wa mayai ya njiwa. Miaka zaidi ya 200 ikapita. Mwaka 1935 madaktari wawili wa Chicago, Irving Stein na Michael Leventhal, wakachapisha habari za wanawake 7 wenye dalili tunazozijua sisi: hedhi haiji, nywele zinaota mahali hazitakiwi, mimba haishiki. Dawa yao? Kisu. Walifungua tumbo, wakakata kipande cha kila ovari kama unavyokata kipande cha keki, wakashona. Hedhi zikarudi kwa wote 7 na wawili wakapata mimba.

Hiyo ndiyo ilikuwa matibabu kwa miongo kadhaa. Kukatwa ovari. Na wengine baadaye walibaki na makovu ndani ambayo yenyewe yalizuia mimba. Nikiskia mtu akisema "zamani watu walikuwa wanajitibu poa", huwa nafikiria hao.

Kilichobadilisha mambo ni 1980, watafiti wa Memphis, Marekani, walipoonyesha kwamba wanawake wenye PCOS walikuwa na insulini nyingi kwenye damu, na kadiri insulini ilivyokuwa juu, ndivyo homoni za kiume zilivyokuwa juu. Kwa lugha ya mtaa: mwili unaacha kuisikia insulini vizuri, kongosho linaamua kupiga kelele zaidi, linamwaga nyingi, na ile insulini ya ziada inaenda kuzisukuma ovari zitengeneze testosteroni kupita kiasi. Testosteroni ikizidi, yai linakwama. Kidevu nacho kinapata habari. Si kila mtu mwenye PCOS mwili wake unaenda hivi, lakini ni wengi. Kumbe tatizo la ovari lilikuwa pia tatizo la sukari. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba wanawake kati ya asilimia 10 na 13 wa umri wa kuzaa wana PCOS, na hadi asilimia 70 yao hawajui. Darasa la wasichana 40, hesabu mwenyewe.

Sasa tuingie kwa gugu.

Linaitwa Galega officinalis. Ni jamii ya maharagwe, linasimama kama mita moja, maua ya zambarau au meupe, linaota lenyewe mahali penye unyevu Ulaya na magharibi ya Asia. Kwetu halina jina kwa sababu si la kwetu. Jina Galega lina neno la Kigiriki la maziwa ndani yake, kwa vile watu waliamini mifugo ikilila maziwa yanaongezeka. Waganga wa mitishamba wa Ulaya walilitumia kwa kila kitu. Nicholas Culpeper, Mwingereza wa karne ya 17 ambaye kitabu chake cha mitishamba bado kinauzwa, aliliweka kwa minyoo, homa, tauni, hadi kuumwa na nyoka. Lilikuwa mwarubaini wao.

Shikilia hapo, kwa sababu mkutano wa watu wa "asili haina madhara" ungeishia hapa. Mwaka 1891 walipanda Galega jimbo la Utah, Marekani, wakitaka iwe lishe ya mifugo. Ikakataa kuwa lishe. Ikatapakaa kwenye mashamba na mifereji, na kondoo walioila sana walikufa, povu puani, kifua kimejaa maji. Leo serikali ya Marekani imeiweka kwenye orodha ya magugu hatari. Mmea ule ule. Wa asili kabisa, haujanyunyiziwa chochote.

Kinachoua kondoo ndicho kilichowavutia wanakemia. Mwaka 1914 Mfaransa Georges Tanret alitoa kwenye mbegu za Galega kemikali aliyoiita galegini. Mwaka 1918 ikaonekana kwamba guanidini, kemikali ya ukoo mmoja na galegini, inashusha sukari ya damu ya wanyama. Kwa hivyo miaka ya 1920 galegini ikajaribiwa kwa watu wenye ugonjwa wa sukari. Ilishusha sukari kidogo, kwa muda mfupi, na ilikuwa na sumu. Ikawekwa kando.

Hapa historia inakuwa kama sinema ambayo kila mtu anapita kando ya sanduku la dhahabu bila kuliona. Mwaka 1922, jijini Dublin, Emil Werner na James Bell walitengeneza metformin kwenye maabara. Hawakuwa wanatafuta dawa, walikuwa wanafanya kemia yao tu. Mwaka huo huo, Januari, kule Toronto mvulana wa miaka 14 alichomwa sindano ya kwanza ya insulini na dunia nzima ikageuza shingo kutazama huko. Mwaka 1926 Wajerumani wakaleta Synthalin, dawa nyingine ya ukoo wa guanidini. Ilidhuru maini, ikaachwa. Mwishoni mwa miaka ya 1940 daktari Mfilipino, Eusebio Garcia, alikuwa anatumia metformin kutibu mafua, akataja kwamba sukari ya wagonjwa ilishuka. Mafua, jamani!

Hatimaye daktari Mfaransa, Jean Sterne, ambaye akiwa mwanafunzi Paris alikuwa amefanya kazi na galegini, akairudia ile familia ya kemikali akitafuta iliyo salama. Mwaka 1957 akachapisha matokeo ya metformin kwa wagonjwa wa sukari. Akaipa jina Glucophage, maana yake mla glukosi. Uingereza ikaanza kuitumia 1958.

Na bado. Metformin ilikuwa na ndugu mwenye nguvu zaidi, phenformin, aliyependwa kuliko yeye. Phenformin ilikuwa inajaza asidi kwenye damu ya watu, wengine wakafa, na Marekani ikaiondoa sokoni 1977. Metformin ikabeba aibu ya ndugu yake kwa miaka mingi. Marekani ilikubali kuiruhusu 1994. Mwaka huo huo wa 1994, kikundi cha watafiti wa Venezuela kikachapisha kwamba wanawake wenye PCOS waliopewa metformin insulini yao ilishuka, homoni za kiume zikashuka, hedhi zikarudi, na wengine wakashika mimba.

Kutoka Tanret hadi Venezuela ni miaka 80. Miaka 80, na katika wote hao, hadi tufike mwisho kabisa, hakuna hata mmoja aliyekuwa anatutafuta sisi. Sisi tuliokotwa njiani.

Ndio maana nikisikia "metformin imetoka kwa mmea, kwa hivyo bora ninywe mmea wenyewe", nataka kulia. Kwanza, metformin haikukamuliwa kutoka kwa Galega. Mmea ulionyesha njia, kisha watu wakatengeneza kitu kingine chenye umbo la karibu, kisicho na sumu ya babu yake. Pili, chai ya Galega inauzwa mtandaoni saa hii, ati "metformin ya asili". Kondoo wa Utah wangekuwa na jambo la kusema.

Na wala metformin si muujiza, tusidanganyane upande huo pia. Mwaka 2007 kulichapishwa utafiti mkubwa wa Marekani, wanawake 626 wenye PCOS waliokuwa wanatafuta mtoto. Waliopewa klomifeni peke yake, asilimia 22.5 walijifungua. Waliopewa metformin peke yake, asilimia 7.2. Mwaka 2014 utafiti mwingine wa wanawake 750 ukaonyesha letrozole inashinda klomifeni, asilimia 27.5 kwa 19.1, na letrozole haina mmea wowote kwenye ukoo wake, ilibuniwa kwa saratani ya matiti. Kwa hivyo mimi sikuambii dawa zote nzuri zimetoka msituni. Nakuambia idadi hizo zipo kwa sababu mtu alikaa chini akahesabu. Ile chupa ya kijani, nani alihesabu?

Kidonge cha pili sasa. Hii ndiyo stori ninayoipenda zaidi, na mtaelewa kwa nini.

Kulikuwa na Mmarekani anaitwa Russell Marker. Alikuwa amemaliza utafiti wake wa shahada ya udaktari wa kemia pale Chuo Kikuu cha Maryland, amebakiza kozi chache. Chuo kikamwambia lazima asome kemia fizikia. Akasema hiyo ni kupoteza wakati, akaondoka bila hiyo digrii. Dropauti mwenzangu! (Shangazi, ukisoma hii, sisemi nitakuwa yeye.)

Wakati huo projesteroni, homoni ambayo wenye PCOS mara nyingi tunakosa kwa sababu yai halitoki, ilikuwa inatolewa kwa wanyama kwa shida sana, na gramu moja ilikuwa dola 80. Marker aligundua njia ya kuitengeneza kutoka diosgenini, kemikali iliyo kwenye mimea fulani ya jamii ya kiazi kikuu. Namaanisha kile Wakikuyu wanaita gĩkwa, si nduma, tafadhali msichanganye. Akaona picha ya kiazi kimoja kikubwa cha Mexico kwenye kitabu cha mimea, na mwaka 1942 akapanda basi akaenda Veracruz kukitafuta. Wenyeji walikuwa wanakijua, wanakiita cabeza de negro. Kampuni za Marekani hazikutaka kumsaidia, kwa hivyo akahamia Mexico, akatafuta kampuni ya homoni kwenye kitabu cha simu, akajitokeza mlangoni. Akatengeneza karibu kilo 3 za projesteroni. Piga hesabu kwa dola 80 kila gramu. Mwaka 1944 ikazaliwa kampuni ya Syntex. Mwaka uliofuata Marker akagombana na wenzake wa biashara, akatoka.

Baadaye wakahamia kiazi kingine, barbasco, chenye diosgenini nyingi zaidi. Na Oktoba 1951, ndani ya maabara ya Syntex, kijana wa Mexico wa miaka 26, Luis Miramontes, bado mwanafunzi, chini ya Carl Djerassi na George Rosenkranz, akatengeneza norethisterone. Soma nyuma ya pakiti za tembe za kupanga uzazi kwenye kemisti yoyote, hilo jina bado utalikuta kwa baadhi yazo.

Kidonge cha kwanza cha aina hii kuuzwa Marekani, Enovid, kiliruhusiwa 1957, na kiliruhusiwa kwa matatizo ya hedhi. Kama kinga ya mimba kiliruhusiwa 1960. Kwa hivyo msichana akipewa tembe kwa sababu ya PCOS halafu mamake akalia "kwani umeanza tabia gani", mwonyeshe hiyo tarehe. Kazi ya hedhi ndiyo iliandikwa kwenye karatasi kwanza. Na kuna sababu: ukikaa miezi mingi bila hedhi, ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi unaendelea kunenepa bila kumwagwa, na hiyo inaongeza hatari ya saratani pale. Tembe inaulinda.

Lakini hii stori ina uchafu wake na siwezi kuuruka. Mwaka 1956 kidonge hicho kilijaribiwa kwa wanawake maskini wa Puerto Rico, dozi kubwa kuliko za leo, bila kuambiwa wazi kwamba wako kwenye jaribio. Walipolalamika kichwa kinauma, wanatapika, wanazunguzungwa, wenye mradi walisema ni mawazo yao. Na kule Mexico, kiazi kilichimbwa porini na wakulima maskini wa Veracruz, Oaxaca na Puebla, makumi ya maelfu yao, wanabeba magunia mgongoni wanalipwa kwa kilo, na wengi hawakuwa wanajua kinaenda kufanya nini. Wengine waliambiwa ni cha kutengeneza sabuni. Serikali ilipounda kampuni yake, Proquivemex, mwaka 1975 ili wachimbaji wapate kitu, watengenezaji walikuwa tayari wanahamia malighafi nyingine kama soya. Walichelewa.

Na hapa pia kuna chupa ya kijani yake. Krimu ya "kiazi cha porini" inauzwa hadi Nairobi, ati inaongeza projesteroni. Diosgenini inageuka projesteroni ndani ya maabara, kwa hatua kadhaa za kemia ambazo Marker alizivumbua. Mwili wako hauwezi kuzifanya. Ukijipaka hiyo krimu unajipaka kiazi.

Nani alikuja kutuangalia sisi, basi? Walikuja, lakini kwa mambo mengine. Miaka ya 1950 watafiti wa Uingereza waligundua kwamba maji machafu ya viwanda vya mkonge Afrika Mashariki, yale yanamwagwa baada ya nyuzi kutolewa, yana hekojenini, na kampuni ya Glaxo ikaitumia kutengeneza dawa za jamii ya kotisoni. Mkonge wetu, ovyo kabisa, takataka za kiwanda. Gome la muiri la misitu ya Kenya lilisafirishwa Ufaransa kutengeneza dawa ya tezi dume, hadi mti ukawekwa chini ya ulinzi wa kimataifa 1995. Kwa hivyo mtu asituambie mimea yetu haikuwa na thamani. Mtu alikuwa anaijua, lakini si sisi tulioshika kalamu.

Huku nyumbani, Sheria ya Uchawi ilitungwa na mkoloni 1925, na mtu wa kutibu kwa mizizi akajikuta karibu na kikapu kimoja na mtu wa kuroga. Baada ya uhuru, kwa miaka mingi waganga wa mitishamba walisajiliwa upande wa utamaduni, pamoja na ngoma na mavazi, badala ya afya. Ukifanya hivyo kwa maarifa, usishangae yakikaa vichwani mwa wazee na kuondoka nao. Shosho yangu wa Murang'a alikuwa anajua mzizi wa "mwanamke ambaye mwezi umepotea". Aliwapa watu, wengine wakarudi na kuku wa kushukuru. Hakuna aliyeandika ni wangapi walipewa, wangapi walipona, wangapi wangepona tu bila hiyo, na nani aliharibika ini akanyamaza. Hakuwa mjinga wala tapeli. Hakuwa na Tanret wake tu.

Sasa tuna Katiba ya 2010, kifungu cha 69 kinasema serikali ilinde maarifa ya jadi kuhusu mimea. Tuna sheria ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi. KEMRI wana kituo chao cha utafiti wa dawa za kienyeji. Vyombo vipo. Pesa za kuketisha wanawake 200 wenye PCOS, nusu wapewe mzizi wa shosho na nusu wapewe kitu cha kufanana nao, kisha tuhesabu miezi sita, hizo ndizo hazionekani. Halafu chupa za kijani zinapata pesa kila siku kwa M-Pesa.

Mnajua inawezekana kuanza na kitu kidogo sana? Kule Isparta, Uturuki, wanaume wa mji mmoja walianza kulalamika kwamba hamu ya kitandani imepungua, na wakalaumu chai ya nanaa wanayokunywa. Mngecheka, si ndiyo? Watafiti hawakucheka. Wakafikiria: kama inapunguza homoni za kiume, kuna watu wangeifurahia. Wakaijaribu kwa panya, kisha 2007 kwa wanawake 21 wenye nywele nyingi mwilini. Mwaka 2010 Uingereza wakachukua wanawake 42 wenye PCOS, nusu nanaa mara mbili kwa siku, nusu chai nyingine, siku 30. Testosteroni ikashuka kwa waliokunywa nanaa. Wenyewe walihisi nywele zimepungua, lakini vipimo vya daktari havikuona tofauti ya maana, pengine kwa sababu siku 30 ni chache mno kwa nywele. Basi. Hiyo ndiyo hali ya nanaa: inaonekana ina kitu, kidogo, utafiti zaidi unahitajika. Mimi hunywa. Ni tamu na bei yake haimtishi mtu. Simwambii mtu aache dawa kwa ajili yake.

Kwa hivyo swali la inboksi, jibu langu. Kama hedhi imepotea zaidi ya miezi mitatu na huna mimba, nenda kliniki, uombe wapime sukari, homoni za kiume, tezi shingo na prolaktini, na ultrasaundi ikiwezekana. Mimi daktari wa kwanza niliyemwona aliniambia "zaa mapema tu, itaisha", hakupima chochote. Nikatafuta mwingine. Nawe tafuta mwingine. Kama unatumia uwatu, mdalasini au unga wowote wa kushusha sukari pamoja na dawa, mwambie mfamasia, kwa sababu ukiwa kweli unafanya kazi basi kazi zinajumlishwa. Na poda isiyo na jina ni hatari kwa sababu nyingine kabisa: mwaka 2008 huko Singapore zaidi ya watu 100 walilazwa baada ya kumeza vidonge vya kuongeza nguvu za kiume, vingine vikiuzwa kama mitishamba, kumbe ndani kulikuwa na dawa halisi ya kushusha sukari, dozi ya kutosha kumzimisha mtu. Wengine hawakuamka.

Rafiki yangu wa Umoja alinunua ya hapa. Shilingi 4,500, akaletewa na boda. Wiki ya pili alianza kutoka damu na haikukata kwa siku 19, muuzaji akamwambia "ni uchafu unatoka, usiogope", kisha namba ikazimwa. Alipofika hospitali damu yake ilikuwa imeshuka hadi akaongezewa. Daktari akamuuliza alikuwa anakunywa nini, akamwambia nikaichukue chupa kwake niilete. Nikaileta. Imebaki robo. Nyuma imeandikwa "mimea 12 ya asili". Daktari akaigeuza, akaigeuza tena, akaniuliza mimea gani. Hakuna hata mmoja uliotajwa.